Vifaru Juu ya Meza

Mji wa Shizuoka, ulioko pwani ya Japani baina ya Tokyo na Nagoya, ulisifika tangu kale kwa chai yake na kwa mafundi wake wa mbao. Na katika mji huo, mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha mwaka mmoja tu nyuma na nchi nzima ikijizoazoa kutoka katika majivu, bwana mmoja aitwaye Yoshio Tamiya alifungua kiwanda cha kupasulia mbao. Haukupita muda kiwanda kikaanza kutengeneza meli na magari ya mfano, na kufikia mwaka 1953 biashara ya mbao ikaachwa kabisa, ikabaki hiyo ya mifano peke yake. Walakini ubao nao haukudumu: vifaa vya plastiki vilivyokuwa vikiingia kutoka ng'ambo vilikuwa na nakshi ambazo patasi haiwezi kuzifikia, na mtoto aliyekwisha kuionja plastiki hakutaka tena kurudi kwenye ubao. Tamiya wakatoa manowari ya plastiki, Yamato, mwaka 1960, wakapata hasara, kwa sababu mshindani wao aliitoa manowari hiyo hiyo kwa bei nafuu zaidi. Ndipo mwaka uliofuata mwana wa mwenye kiwanda, Shunsaku, alipoamua kutengeneza kifaru.

Alichagua Panther, kifaru cha Wajerumani, kwa kuwa mbavu zake ni bapa na pembe zake zimenyooka, na kalibu ya kitu kilichonyooka ni rahisi kuichonga kuliko ya kitu cha mviringo. Akakitia mota ili kitembee chenyewe, na ili mota ipate nguvu ikabidi tumbo la kifaru liwe na nafasi ya kulaza betri mbili za aina iliyopatikana madukani. Betri ndizo zilizoamua ukubwa wa kifaru. Na hesabu ilipopigwa, ikaonekana kwamba kile kidogo ni sehemu moja ya thelathini na tano ya kile kikubwa. Hiyo ndiyo asili ya kipimo cha 1/35, ambacho leo kinafuatwa na viwanda vya Italia, Hong Kong, China na Ukraine, na ambacho mtu akikitaja mbele ya wenye uraibu huu, mahali popote ulimwenguni, hahitaji kuongeza neno. Msomaji anayedhani kwamba kila kaida ya dunia ilitungwa na wataalamu waliokaa wakashauriana, na azitafakari kidogo betri hizo mbili.

Ili jambo lenyewe lionekane, na tukitazame kifaru Tiger cha Wajerumani, ambacho kutoka mdomo wa mzinga mpaka kisogoni kina urefu wa mita 8.45 na uzito wa tani 57 hivi. Urefu huo ukigawanywa kwa thelathini na tano unakuwa sentimita 24. Na askari mwenye kimo cha mita 1.75 anakuwa kisanamu cha sentimita tano, chenye uso ambao fundi hana budi kuupaka macho, midomo na kivuli cha kidevu. Urefu hugawanyika, upana hugawanyika, hata unene wa deraya hugawanyika. Uzito ndio usiokubali. Kifaru cha plastiki ukikiinua kwa vidole viwili hakina uzito wa kutajwa, na jicho la mtazamaji, ingawa mwenyewe hajui, hulitambua jambo hilo mara moja. Kwa maoni yangu, fani yote ya vifaru vya mfano, tangu kisu kinapokata kipande cha kwanza mpaka vumbi la mwisho linapopakwa, ni hila moja ndefu ya kulihadaa jicho liamini kwamba kitu chepesi ni kizito. Na mtu akikwisha kulielewa hilo, hatastaajabu kwamba wako watu wazima wenye akili zao, madaktari, madereva, walimu na mafundi bomba, wanaokaa miaka arobaini juu ya kazi hiyo wasiichoke.

Tuchukue minyororo. Mnyororo wa Tiger una pingili 96 kila upande, nazo zote ni chuma. Kwa hiyo haukai umekazwa kama kamba ya tanga penye upepo, bali hulala juu ya magurudumu na kubonyea kidogo baina ya gurudumu na gurudumu. Mtoto huvisha ule mnyororo laini wa mpira uliomo sandukuni, ukajikaza ulivyopenda, na papo hapo kifaru chote kikageuka kichezeo, hata kama rangi yake imepakwa kwa ustadi wa malaika. Fundi huunganisha pingili moja moja, zote 192, kisha gundi ikingali mbichi huuzungusha mnyororo mahali pake, akaubonyeza kwa kipande cha sponji mpaka ulale unavyotakiwa kulala, akauacha hadi kesho yake. Hali kadhalika chini: tani 57 hazikai juu ya ardhi, hukaa ndani yake, na anayekiweka kifaru chake juu ya udongo wa mfano bila kuacha alama ya kuzama, amekiweka hewani. Makosa ya namna hii ni madogo kuyataja na makubwa kuyaona.

Lakini nimetangulia mbele ya kazi. Anayefungua sanduku hakuti kifaru. Hukuta viunzi vya plastiki vya rangi moja, ambavyo vipande vimeshikamana navyo kwa vijiti vyembamba, mia kadhaa aghalabu, na katika baadhi ya masanduku ya siku hizi zaidi ya elfu. Kila kipande hukatwa kwa koleo ndogo, kikakwanguliwa kwa kisu, kikasuguliwa kwa msasa, kwa maana kalibu ina nusu mbili, na pale nusu hizo zinapokutana huacha mshono mwembamba usiokuwepo katika chuma cha kweli. Tiger vya mwanzo vilikuwa na magurudumu yaliyopandiana, matatu katika kila mhimili na mihimili minane kila upande, jumla yake 48 mbali na yale ya mbele na ya nyuma. Na kila gurudumu lina mshono wake. Hapa hakuna siri wala karama. Mtu hukaa, akawasha redio, akasugua. Askari waliokuwa na vifaru hivyo huko Urusi nao waliyalaani magurudumu hayo kwa sababu yao wenyewe, kwani tope lililojaa katikati yake liliganda usiku kwa baridi, na asubuhi kifaru hakiendi.

Gundi ya kazi hii si ya kunata. Ni maji mepesi yanayoyeyusha plastiki yenyewe, na namna ya kuitumia ni nzuri kuitazama: fundi hukutanisha vipande viwili vikiwa vikavu, akagusa mahali pamoja pa kiungo kwa ncha ya brashi, na ile dawa ikakimbia yenyewe ndani ya ufa mpaka mwisho wake, bila ya kusukumwa na mtu. Akibana kidogo, uzi mwembamba wa plastiki iliyoyeyuka huchomoza nje. Kesho yake uzi huo hukwanguliwa, na mahali palipokuwa na vipande viwili pakawa na kimoja. Ama huachwa makusudi, maana unafanana sana na ulehemu wa mabamba ya deraya. Dirisha lazima liwe wazi, nalo ni sharti, wala si nasaha, kwa kuwa mvuke wa dawa hii si wa kuvutwa, na mtu atumiaye bunduki ndogo ya kupulizia rangi hana budi kuvaa barakoa.

Kisha huja jambo linalowashangaza wageni wa fani hii kuliko yote: fundi aliyekwisha kutumia majuma kadhaa kukiunda kifaru kikawa safi, hutumia majuma mengine kukiharibu. Kwanza hupuliza rangi ya hudhurungi ya kutu. Ikikauka, hupuliza juu yake dawa ya nywele ya kopo, ile ile wanayoiuza wauza vipodozi; na hiyo nayo ikikauka, hupuliza rangi ya jeshi, ambayo ni rangi ya maji. Baada ya muda mfupi huchukua brashi yenye maji akalowesha mahali padogo, kwa mfano ukingo wa mlango wa dereva, akangoja. Maji hupenya rangi ya juu yakailainisha ile dawa ya nywele iliyo chini yake, na fundi akigusa kwa kijiti cha kuchokolea meno, rangi hubanduka vijipande visivyo na umbo maalumu, kama ibandukavyo kweli pale ambapo kiatu chenye misumari kimepanda na kushuka kila siku. Huwezi kuichora alama hiyo kwa mkono ikakubali. Baada ya hapo rangi ya mafuta iliyozimuliwa kwa tapentaini hupelekwa kwenye pembe na vichwa vya misumari ili ifanye kivuli, na vumbi la chaki likapakwa penye minyororo.

Ni katika hatua hii wengi wanapotea. Wakishajua hila ya kutu hawawezi kujizuia, wakakijaza kifaru kutu mpaka kikafanana na pipa lililotupwa ufukweni, wakisahau kwamba vifaru vingi vya Vita vya Pili vya Dunia havikuishi muda wa kutosha kupata kutu ya namna hiyo. Vilitoka kiwandani, vikapanda treni, vikaungua. Fundi hodari hujiuliza kwanza ni nani aliyekanyaga hapa, mkono wa nani ulishika pale, na mahali ambapo hapana mguu wala mkono uliofika, hapagusi.

Kutoka hapo njia inaelekea kwenye maarifa, na hii ndiyo sehemu inayoufanya uraibu huu uwe wa umri mzima. Vifaru vya Wajerumani huko Ulaya vilikuwa vya kijivu cheusi hadi mapema mwaka 1943, amri ilipotoka kwamba rangi ya msingi iwe manjano iliyofifia; kwa hiyo anayepaka manjano kifaru cha mapigano ya mwaka 1941 katika Urusi amesema uongo bila kufungua mdomo. Katika nusu ya pili ya mwaka huo huo wa 1943 walianza kuvisiliba vifaru lipu maalumu yenye mifuo ili mabomu ya sumaku yasishike, wakaiacha mwaka 1944. Na mwenye kupaka lipu hiyo juu ya Tiger cha Tunisia, ambako vita vilikwisha mwezi wa Mei 1943, atakosolewa na kijana wa miaka kumi na minne mbele ya kadamnasi, naye kijana atakuwa na haki. Ndiyo sababu mafundi hawa husafiri na kamera na utepe wa kupimia hadi makumbusho ya vifaru ya Bovington nchini Uingereza, Saumur nchini Ufaransa, au Kubinka karibu na Moscow, wakapanda ngazi, wakapima boliti. Shunsaku Tamiya mwenyewe, ambaye baadaye alirithi uongozi wa kampuni na kufariki Julai 2025 akiwa na umri wa miaka 90, alisafiri hadi Aberdeen katika jimbo la Maryland, ambako jeshi la Marekani lilikuwa limepanga vifaru vya mateka uwanjani, akavipiga picha kila upande ili mafundi wake wa kalibu wasichonge kwa kubahatisha.

Hapo Bovington kimo kifaru kimoja ambacho kimepigwa picha pengine kuliko vyote. Ni Tiger chenye nambari 131 ubavuni, ambacho wenyewe walikitelekeza Tunisia mwezi wa Aprili 1943, baada ya risasi ya mzinga wa Waingereza kukwaruza chini ya mtutu na kukikwamisha kichwa kisiweze kuzunguka. Mfalme George wa Sita na Winston Churchill walikitazama huko huko Tunis kabla hakijapakiwa melini. Na baada ya matengenezo ya miaka mingi kikarudi kutembea kwa injini yake, hata kikaonekana katika filamu ya Fury ya mwaka 2014. Kovu la risasi ile lingali linaonekana. Mafundi wa mfano hulichonga kovu hilo kwa ncha ya moto au kwa kisu, mahali pake hasa, urefu wa milimita chache, na mtu asiyejua hupita akidhani ni kosa la mkono. Anayejua husimama, kwa kuwa ameona kwamba mwenzake hakuunda Tiger tu, ameunda kile kimoja.

Kutoka kifaru kimoja hadi kisa kizima ni hatua ndogo, na aliyewafundisha wengi kuipiga alikuwa Mmarekani, Shep Paine, aliyeishi tangu 1946 hadi 2015. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Monogram ilimpa kazi ya kuunda mandhari ndogo kwa vifaa vyake, na picha za kazi hizo, pamoja na maelezo ya namna alivyozifanya, zikatiwa ndani ya masanduku. Mtoto aliyenunua kifaru akakuta ndani yake karatasi inayomwonyesha ukuta uliobomoka, askari waliochoka, tope na ndoo, na mambo yote hayo yamefanywa kwa vitu vilivyomo jikoni mwao. Sitii chumvi nikisema kwamba karatasi hizo ziliwabadilisha wengi kutoka waunganishaji wa vipande wakawa wasimulizi.

Mwendo wa umri katika uraibu huu unafanana sana baina ya mtu na mtu. Mwingereza aliyezaliwa baada ya vita alianza na Airfix, vijifaru vidogo vya kipimo cha 1/76 vilivyonunulika kwa pesa za mfukoni, akavijaza alama za vidole vyenye gundi. Akifika miaka kumi na sita huviacha, kwa sababu zinazojulikana. Hurudi akiwa na miaka thelathini na kitu au arobaini, ana kazi, ana watoto waliolala, ana saa moja ya usiku isiyo ya mtu mwingine. Na safari hii ana fedha, ambayo ndiyo fitina yenyewe, kwani hununua masanduku upesi kuliko anavyoyajenga, akayapanga juu ya kabati, kisha chini ya kitanda, kisha mahali ambapo mkewe bado hajapagundua. Wako wenye masanduku ambayo hawatayamaliza wangepewa umri wa Nuhu, na wanajua, na wanaagiza mengine. Mwishoni huja miwani ya kukuzia, na mkono unaotetemeka ambao hulazimu kiwiko kiegemezwe mezani. Wengi hapo huhamia kipimo kikubwa zaidi, cha 1/16, wakaendelea.

Lipo swali ambalo mtu mwenye heshima hawezi kulikwepa: ni halali kufanya pumbazo kwa chombo cha kuulia watu? Nchini Ujerumani sheria ya jinai huzuia alama za chama cha Nazi kuonyeshwa hadharani, na masanduku yanayouzwa huko hufutwa alama hizo katika picha zao. Na iko hesabu inayosema jambo: Tiger vilivyoundwa vilikuwa 1,350 hivi tu, ilhali Sherman vya Marekani vilikaribia 50,000 na T-34 vya Urusi vikapita idadi hiyo; lakini ingia katika duka lolote la vifaa hivi utaona rafu za Tiger zimezidi. Mapenzi hayo kwa silaha ya walioshindwa, na walioshindwa katika dhuluma, si jambo la kuchekewa, na wako wachache ambao ukiwasikia wakizungumza utajua hawakupenda chuma peke yake. Walio wengi ninaowasoma na kuwatazama si hao. Mtu aliyekaa mwezi mzima akiunda tundu dogo ambalo watu walipaswa kutokea ndani ya moto, ana uwezekano mdogo wa kuiimba vita kuliko mtu aliyeijua kwa filamu tu. Nako Kyiv, ambako kiwanda cha MiniArt kimeendelea kutoa vifaru vya mfano huku vya kweli vikipigana nchini mwao, nadhani swali hili linaulizwa kwa sauti nyingine kabisa.

Kwetu pia halitoki mbali. Wazee wa Kagera, Masaka na Mbarara waliviona vifaru vya kweli katika vita vya 1978 na 1979: T-55 upande wa Idi Amin wa Uganda, na upande wa Tanzania Type 59 vya Kichina, vilivyonakiliwa kutoka T-54, kaka yake T-55, majeshi mawili yakakutana kwa vyombo vya nasaba moja. Vifaru vyote viwili vimekwisha kutolewa katika kipimo cha 1/35, na bado sijaona mandhari ya mfano ya vita hivyo iliyoundwa na mkono wa mtu wa huku, ingawa picha zipo, kumbukumbu zipo, na wenye kuulizwa rangi ya vumbi la barabara ile wangali hai.

Maduka yetu hayana desturi ya kuuza masanduku haya, na kuagiza ng'ambo ni gharama. Isiwe kisingizio. Nchini Poland, zama ambazo plastiki ya kigeni ilikuwa adimu, jarida la Mały Modelarz lilianza mwaka 1957 kuchapa vipande vya meli, ndege na vifaru juu ya karatasi ngumu, na vizazi vya vijana wakajenga kwa mkasi na gundi tu vifaru ambavyo hata leo huwaaibisha wenye plastiki. Anayetaka kuanza, kwa karatasi au kwa plastiki, na aanze na T-34, chenye magurudumu matano makubwa tu kila upande, wala asishawishiwe na Tiger, afungue dirisha, na asinunue cha pili kabla hajakimaliza cha kwanza.